Nyuma ya Msafiri Hapafagiwi

Jumatatu, 25 Machi 1935

Daftari hili ni la Hashil. Limelowa pembe, na mwalimu wake hapendi daftari lililojikunja, basi amenitupia mimi. Mwalimu amewaambia wanachuo waandike kila siku mpaka mtihani, japo mstari mmoja, mkono usisahau kalamu. Hashil ameandika siku mbili akachoka. Nimemwambia lete huku, nikuoneshe kwamba mama yako hakwenda kwa Maalim Sadalla kula bisi. Tarehe za Kizungu amenifundisha yeye, lakini herufi ni zangu za Kiarabu, na asiyezijua ndiyo bahati yangu, hatanichungulia.

Masika yameanza leo alasiri. Wamerudi wote wanne wameloa, wakaanika kanzu na kaptula ukumbini mpaka sina pa kupita.

Niwataje, maana ndio watu wangu wa msimu huu. Chuo cha walimu wanachosoma hakina bweni la kuwatosha, na mwaka jana wenye nyumba wa Kariakoo tuliombwa tuwachukue baadhi. Nikachukua watatu wakae na Hashil mwanangu: Onesphory wa Mahenge, Wilbert wa Masasi, na Mrisho wa Utete. Jirani yangu Sitara aliniuliza, "Mauza, mjane wa Kiarabu unajaza nyumba vijana wa bara, tena wawili Wakristo?" Nikamwambia wanakula wali kama sisi na wanaamkia vizuri kuliko wanao.

Chumba cha mbele kina vitanda vitano vya kamba. Vinne vyao. Cha tano, kile cha ukutani, ni cha Hamud, mwanangu mkubwa, na hakiguswi.

Mtihani ni mwezi wa sita. Walipoanza walijaza darasa, sasa Hashil anasema kila Jumatatu kuna benchi limebaki tupu na hakuna anayeuliza. Mimi hilo linanikera. Watu wanaokula chungu kimoja na kusoma kitabu kimoja, mmoja anabaki, mwenziwe anaondoka, kwa nini? Namwomba Mungu jambo moja tu, Hashil akae mpaka apate cheti. Hamud alibakiza muhula mmoja.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Wali na mchicha. Mrisho ameimba kutwa mpaka nimemtishia mwiko.

Jumatatu, 1 Aprili

Leo nikiosha mchele nimewapanga kichwani nani atabaki. Onesphory atabaki. Ni mtu wa maneno machache, anakunja shuka lake kabla hajaswali sala yake ya Kikristo, na akisoma hata nzi hamtikisi. Wilbert atabaki kwa kiburi, kwa sababu Masasi walimfanyia karamu alipokuja, naye hataki kurudi mikono mitupu. Hashil atabaki kwa sababu mimi nipo. Wa kuondoka ni Mrisho. Mtu gani anasoma huku amelala chali na kitabu kifuani? Huyo nampa mpaka mwisho wa mwezi.

Hashil kanizuia nisimwite kwa jina la kaka yake. Nimemwita Hamud mara mbili leo, kwenye chai na kwenye ndoo. Anafanana naye mgongo, ndiyo shida, akinipa kisogo nasahau.

Alhamisi, 4 Aprili

Onesphory ameondoka.

Ilikuwa saa sita mchana, mvua imetulia kidogo. Alikuja mtu wa kwao kutoka stesheni na habari kwamba kaka yake amekufa, ameacha wake wawili na watoto, na wazee wamekaa wakasema Onesphory arudi ashike nyumba. Asubuhi Onesphory alikuwa Jangwani na wenzake kutazama maji yalivyojaa bondeni, miguu yake ilikuwa na tope jeusi mpaka kwenye fundo. Hakuinawa. Aliingia chumbani, akafunga vitabu vyake kwa kamba, akasimama kidogo pale penye kitanda.

"Shikamoo, Bi Mauza."

"Marahaba, mwanangu. Si ungengoja mtihani? Ni miezi miwili tu."

"Maiti haingoji, Bi Mauza. Na watoto hawangoji."

"Walimu watakushikia nafasi?"

"Wamesema watanishikia," akasema, na sote wawili tulijua inavyokuwa. Nilimfungia mkate wa kumimina kwenye jani la mgomba. Alipotoka hakugeuka nyuma.

Sitara alikuwa barazani kwake akaona. Akaja na ufagio wangu mkononi, kaukuta uani, kuniambia nyumba imejaa tope. Nikamnyang'anya. Kwetu msafiri akitoka, nyuma yake hapafagiwi. Ukifagia umemfagia yeye, hatarudi. Hilo Sitara analijua vizuri kuliko mimi, kwao ni watu wa mwambao tangu na tangu.

"Ni siku ile moja, shoga," akaniambia. "Kesho yake watu wanafagia."

"Wewe fagia kwako kesho. Kwangu nafagia akirudi."

Alitazama kule ukutani, akavuta kanga yake, akaenda zake bila kusema alichotaka kusema. Najua alichotaka kusema. Chini ya kitanda cha Hamud hapajapita ufagio miaka tisa. Nafagia chumba chote, nikifika pale nazunguka. Kuna vumbi limelala pale kwa duara, laini, kijivu, halina hata alama ya mjusi. Hamud alitoka asubuhi ya kawaida, akasema, "Narudi, Mama," na mimi nikasema, "Haya." Mtu akaniambia amemwona Kilosa. Mwingine akasema Tabora, anafanya kazi ya reli. Tangu hapo kimya.

Ijumaa, 5 Aprili

Tope la Onesphory limekauka. Nyayo zake zinaonekana moja moja, kutoka kitandani hadi mlangoni, vidole na visigino. Vijana wanaziruka.

Jumanne, 9 Aprili

Nimegombana na Mrisho. Nimeingia chumbani na nguo zilizokauka nikamkuta amelala kwenye kitanda cha Onesphory, kitabu kifuani kama kawaida yake. Nimemwinua kwa ufagio.

"Huna kwako?"

"Ninako, Bi Mauza. Lakini kwetu Utete kitanda cha aliyeondoka hakiachwi kupoa. Mtu mwingine analala pale siku ileile. Bibi yangu alisema pakipoa, ubaridi unatambaa mpaka kwa jirani."

"Utete ni Utete. Hapa ni kwa Mauza."

"Ndiyo, bibi," akasema, akaondoka kinyenyekevu, na akikanyaga sakafu alikanyaga juu ya wayo mmoja wa Onesphory, sijui kwa makusudi. Umevunjika kisigino. Nimekasirika. Mtoto mpenda mchezo, anajua nini habari ya kungoja mtu?

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua ya siku tatu. Kamba za vitanda zinalia. Kamba ya kumbi ikipata unyevu hujikaza, na ikijikaza hutoa sauti, kila mtu wa pwani anaijua sauti hiyo na hakuna anayeijali. Ila chenye mtu hakilii sana, uzito unakituliza. Vinavyolia ni vile vitupu. Zamani ilikuwa kimoja, sasa ni viwili, kimoja kinaanza na kingine kinajibu.

Hashil ameacha kusoma chumbani. Amehamia ukumbini, kwenye nguo mbichi.

Jumatano, 17 Aprili

Kisamvu. Nimemwita Hashil kwa jina la Hamud tena. Hakuitika, akaja tu.

Jumamosi, 20 Aprili

Wilbert anazungumza habari za Lupa. Kuna binamu yake huko Chunya ameokota dhahabu mtoni, hivi hivi, kwa karai, na sasa ana baiskeli na koti. Mimi nimeishi, nimewaona waliokwenda kuokota na namna walivyorudi. Nilimwambia mwenye kuokota ni mmoja, wanaochimba ni elfu. Akacheka kwa adabu. Hashil hakucheka. Alikuwa anatazama nyayo za Onesphory.

"Unatazama nini?"

"Hakuna, Mama. Naona amebaki kuliko alivyokuwepo."

Sikuyaelewa maneno yake, na sikupenda nilivyoyasikia.

Jumatatu, 29 Aprili

Wilbert ameondoka.

Ameondoka kabla hapajakucha vizuri, hakuaga, godoro lake la sufi limeachwa na bonde la mwili wake. Ndani ya kiatu kilichobaki, kimoja, kaweka chaki ya chuo. Sijui kwa nini mtu aache kiatu kimoja. Labda kilichanika. Nimekiacha palepale mlangoni kilipoangukia.

Na mimi niliyesema atabaki kwa kiburi! Nimejifunza kitu leo, wenye kiburi huondoka kimyakimya ili wasionekane wameshindwa. Basi Onesphory aliondoka kwa wajibu, na Wilbert kwa tamaa, au kwa hofu iliyovaa nguo ya tamaa. Hayupo hata mmoja aliyeondoka kwa sababu masomo ni magumu. Nilidhani ni masomo.

Sikufagia. Sasa chumba kina njia nyembamba tu ninayoweza kufagia, kutoka mlangoni mpaka kitanda cha Hashil na cha Mrisho, na pembeni mwa njia ni tope, kiatu, vumbi. Nikiwa nimeinama pale nimeona ghafla kwamba nimebakiwa na chumba cha wasiokuwepo, na walio hai nimewaachia kijia. Nikainuka haraka nikaenda kuwasha moto. Kuna mawazo yakikujia unayafungia mlango.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua mchana kutwa. Vitanda vitatu vinalia. Mrisho ananiomba alale cha Wilbert. Nimesema hapana. Anaomba kwa upole, hachoki, keshokutwa ataomba tena.

Usingizi wa mchana umenichukua barazani nikaota nafagia bahari.

Jumatatu, 6 Mei

Sikukuu ya Mfalme wa Kiingereza, ametimiza miaka mingi kwenye kiti. Bendera Mnazi Mmoja, tarumbeta, watoto wa shule wamepewa andazi. Hashil na Mrisho wamepanga mstari na wenzao wa chuo. Sitara kaenda kuwatazama kanihadithia: darasa lao wamesimama tisa, na mwalimu kawapanga kwa nafasi pana ili waonekane wengi.

Hashil amerudi hakula.

Jumanne, 7 Mei

Nimemuuliza Mrisho, maana mwanangu haniambii. Alikuwa anatwanga kisamvu uani, kazi hiyo amejitwalia mwenyewe tangu Aprili, sikumwambia.

"Hashil ana nini?"

Akatwanga kwanza. "Bi Mauza, nikikwambia utaninyima chakula."

"Nitakunyima usiponiambia."

"Anasema chumbani mle tunalala wawili lakini tunahesabiwa watano. Anasema akifungua kitabu anahisi wanamngoja."

"Wamngojee nini?"

"Aende."

Mrisho akasema tena, bila kuniangalia, "Wilbert kampelekea salamu. Ana nafasi kwenye lori la Chunya, anamngoja Dodoma."

"Na wewe hukuitwa?"

"Niliitwa."

"Mbona huendi?"

Akafikiri, mchi mkononi. "Mimi kila walipotoka nililala pao, kwa wizi, wewe ukiwa sokoni. Nisamehe, bibi. Nikilala pale naona ni kitanda tu. Hakuna kinachoniita."

Nikamtazama mtu huyu niliyempa mpaka mwisho wa mwezi. Sikumgombeza. Nilimpa nazi akune.

Jumatano, 8 Mei

Naandika jioni, mkono mzito, lakini nitaandika yote.

Asubuhi Hashil alitoka kwenda chuoni. Aliniamkia, akachukua vitabu, akafika mlangoni, akasema, "Narudi, Mama." Hashil hasemi hivyo. Hashil husema "haya basi." Nilisimama na kijungu mkononi mpaka chai ikamwagika.

Nikaingia chumbani. Kanzu yake ya pili haipo. Nikavaa buibui nikatoka kama nilivyo. Mtaa wa Msimbazi ulikuwa maji mtupu, wanaume wamekunja suruali, nami sikukunja kitu. Nimevuka Mnazi Mmoja nikizama kwenye matope mpaka magotini, mwanamke mtu mzima, watu wananitazama, na sikuwajali. Nimefika stesheni sina pumzi.

Alikuwa amekaa juu ya furushi lake karibu na mabehewa ya daraja la tatu. Kanipa kisogo. Kisogo kile. Midomo yangu ikataka kusema Hamud nikaiuma.

"Hashil."

Akageuka. Hakushtuka. "Shikamoo, Mama. Umeloa."

"Unakwenda wapi?"

"Huku."

"Umebakiza mwezi mmoja."

"Na kaka alibakiza muhula."

"Ndiyo maana nakwambia. Unataka kunifanya nini mimi?"

Watu walikuwa wanapandisha matenga ya kuku. Kisha akasema, taratibu, bila hasira, na laiti angesema kwa hasira:

"Mama, mimi nimekaa na wewe miaka tisa. Nimekuchotea maji, nimekuuguza ule ugonjwa wa miguu. Unaniita Hamud. Kitanda chake hakiguswi, vumbi lake halifagiwi, Idi inawekwa sahani yake. Mimi sahani yangu naosha mwenyewe. Onesphory alikaa mwaka mzima hukujua jina la mama yake. Alipoondoka umemtunzia hata tope. Nyumba ile aliyeondoka ndiye mwenye nyumba. Nataka na mimi niwe na mahali."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Nimeyasikia kila hatua ya kurudi.

Pale pale sikulia. Mimi hasira hunijia kabla ya machozi, nimeumbwa hivyo. Nikamwambia, "Basi nenda. Lakini ujue, sikuwekei mahali. Nitafagia leo hii, wewe na wote. Ukitaka mahali kwangu, mahali ni pa aliyepo."

Akanikodolea macho. Nikageuka. Nilitamani aniite, hakuniita.

Nimerudi nyumbani sijui kwa njia gani. Nikachukua ufagio wa chelewa nikaingia chumbani na buibui langu likichuruzika. Nilianza na tope la Onesphory, lile lilitoka kwa magamba. Nikatoa kiatu cha Wilbert. Nikafika ukutani. Mkono ukagoma. Nimesimama pale nikizungumza peke yangu, namwambia Hamud maneno ambayo sitayaandika. Kisha nikapiga magoti, nikauingiza ufagio chini ya kitanda chake, nikavuta.

Nilidhani kutakuwa na kitu. Miaka tisa nilidhani kuna kitu pale, ndiyo maana nikalinda. Zilitoka kokwa mbili za tende, kifungo, na vumbi. Vumbi lote la miaka tisa halikujaza kikombe. Nimemfagia mwanangu, na alikuwa mwepesi hivyo.

Hapo ndipo nikasikia honi ya gari moshi. Ikitoka stesheni husikika mpaka Ilala. Ilipiga mara ya kwanza, ikapiga ya pili, halafu ikawa mbali. Nikakaa sakafuni. Nimekuwa mama wa wawili walioondoka, na kwa mikono yangu mmoja nimekwisha msafisha. Kitanda cha Hashil tu ndicho nilikuwa sijakifikia.

Vitanda vilikuwa vinalia, vyote vitano sasa. Katikati ya kilio kile nikasikia hatua barazani. Nzito, za mtu aliyeloa. Zikasimama mlangoni. Nitasema kweli, moyo wangu ulijua ni nani. Nani mwingine hurudi saa ileile anapofutwa? Nikasema, "Hamud?"

Kisha sauti ikasema, "Ni Hashil, Mama."

Nikavuta pumzi. "Najua. Ingia, Hashil."

Hakuingia mara moja. Alikuwa anatazama sakafu, kwanza pale pa Onesphory, kisha pale pa ukutani, akatazama muda mrefu. Akavua viatu akaviacha nje.

"Gari limeondoka?" nikamuuliza.

"Limeondoka."

"Na furushi?"

"Lilikwenda nalo. Nilishuka nikalisahau." Akachutama, akanishika mkono ulioshika ufagio. "Umefagia kwangu?"

"Bado. Nimechoka."

Hapo ndipo nililia, na yeye akalia, na Mrisho akarudi kutoka chuoni akatukuta hivyo, akaenda kupika.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemwambia Mrisho ahamie kitanda cha Hamud. Hakuuliza mara mbili. Kitanda kimenyamaza.

Nikipita pale mguu bado unazunguka wenyewe.

Jumanne, 21 Mei

Mvua zinapungua. Wanasoma chumbani wote wawili, milango wazi. Nimemuuliza Hashil jina la mama yake Mrisho, naye akanitazama akacheka, akasema nimuulize Mrisho. Anaitwa Mgeni binti Hashim, ana shamba la mpunga, na Mrisho ni mwanawe wa pekee aliyebaki. Mwaka mzima anakula kwangu.

Ijumaa, 31 Mei

Wamebaki wanane darasani. Aliyeondoka safari hii ni mtoto wa hapa hapa Ilala, wa kwao karibu, wa kushiba. Basi nadharia zangu zote nimezitupa jaani. Ninalojua ni hili tu, mtu hubaki pale anapoitwa kwa jina lake.

Nimeota Hamud amesimama mlangoni anajifuta miguu, anatafuta pa kukanyaga. Nimeamka na uchungu.

Ijumaa, 14 Juni

Maulidi mitaa yote, ubani mpaka machoni. Mtihani umeisha juzi. Nimepika pilau, nimeweka sahani tatu. Mkono ulikwenda kwenye ya nne nikaurudisha. Hashil aliona, akanisogezea chumvi.

Jumatano, 26 Juni

Wamefaulu wote wawili. Sitara kapiga vigelegele mpaka Mtaa wa Kongo wameuliza ni harusi ya nani. Mrisho amepangiwa Kilwa. Hashil amepangiwa Newala.

Newala. Nikaelewa kitu ambacho kila mtu alikijua isipokuwa mimi. Nimeomba mwaka mzima abaki, na mwenye kubaki mpaka mwisho naye huondoka, tofauti yake anaondoka na karatasi. Mwanamke mjinga wewe, Mauza.

Jumamosi, 29 Juni

Kipupwe. Anga jeupe, hakuna unyevu. Mrisho aliondoka jana, akaniachia shuka lake nilalie. Leo ilikuwa zamu ya Hashil.

Nilikuwa jikoni nikasikia chap, chap, ufagio. Nikaenda. Alikuwa amefunga kila kitu, kanzu mpya mwilini, na anafagia chini ya kitanda chake mwenyewe, mpaka kwenye pembe, akirudi nyuma kuelekea mlangoni ili asiache wayo.

"Hashil, unafanya nini?"

"Nafagia, Mama. Nisikuachie kazi."

"Mtu hajifagii mwenyewe."

"Nimejifagia ili usinilinde. Chuo kikileta wengine, mmoja alale hapa." Akauegemeza ufagio ukutani, akanibusu mkono. "Nitakuja Desemba."

Sikusema haya. Nikasema, "Njoo, Hashil," akatoka, na nikamtazama mpaka kona ya Msimbazi. Aligeuka nyuma.

Nimerudi chumbani. Sakafu nyeupe kote, hakuna alama ya mtu yeyote aliyewahi kukaa hapa. Nimeogopa. Nikakumbuka maneno ya Utete, kwamba kitanda cha aliyeondoka hakiachwi kupoa, nikavua viatu nikapanda kitanda cha Hashil, mimi mwenye miaka yangu, mchana wa adhuhuri, Sitara angenicheka. Kamba zimekauka, hazikulia. Pale alipokaa kuvaa viatu palikuwa bado na joto.

Kutoka pale naona kitanda cha ukutani. Nimelala nikikitazama, na nikamwambia Hamud, maana nyumba ilikuwa yetu wawili tu, kwamba sijamkataa. Nimechoka tu kumngoja nimesimama. Kuanzia leo nitamngoja nimelala, na akija atanikuta mahali pamefagiwa.